Intakula kwenye Surf ya zamani: ilivyonilia pesa, na ilivyonisaidia

Ndugu uliyeuliza kuhusu Toyota Hilux Surf yako ya 1993: umesema haina intakula (kipozeo cha hewa iliyokandamizwa na turbo, kabla haijaingia kwenye injini), ukipanda Kapchorwa, milimani mashariki mwa Uganda, inatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu, na fundi amekuahidi kwamba ukifunga intakula utaongeza nguvu za farasi 30 na dizeli itapungua. Kazi hii nimeifanya kwenye gari yangu mwenyewe, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza niliiharibu. Vumilia urefu.

Yangu ni Surf KZN130 ya 1994, injini 1KZ-TE, lita 3. Ilitoka Japani na turbo bila intakula, kama yako. Naishi Malaba, na karibu kila wiki napeleka vifaa vya ujenzi Kapchorwa kupitia Mbale.

Kwanza moshi wako, maana hapo fundi amepitiliza. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuichoma, na hewa hukosekana kwa sababu nyingi ambazo hazihitaji hata shilingi ya intakula. Fungua boksi la chujio la hewa. Kama umekuwa ukipita barabara za vumbi jekundu na hujalibadilisha tangu mwaka jana, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha kagua mipira yote kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Mpira uliopasuka baada ya turbo utauona kwa masizi na mafuta yaliyorukia pembeni. Uliopasuka kabla ya turbo ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele yoyote, unavuta tu mchanga hadi ndani ya silinda. Nozeli nazo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zipelekwe zikapimwe. Mimi nilipobadilisha chujio na kupimisha nozeli, nusu ya moshi iliondoka hata kabla sijafikiria intakula.

Halafu hizo farasi 30. Toyota wenyewe walipoifungia injini hii hii intakula miaka ya baadaye, ilitoka farasi 130 ikafika 140 hivi. Fundi wako anawashinda Toyota? Nguvu ya dizeli inatokana na mafuta yanayochomwa. Ukiongeza hewa baridi bila kuongeza mafuta, utapata uchomaji safi na joto dogo, na gari itaamka kidogo. Kidogo. Ulaji wa dizeli kwangu haukubadilika kwa kiasi ninachoweza kuapa.

Sasa kwa nini nilifunga? Joto.

Turbo inapoikandamiza hewa, hewa inachemka. Niliingiza waya wa kupima joto kwenye bomba la kuingilia injini, nikapanda Sipi kwa gia ya tatu nikiwa na mifuko 8 ya simenti nyuma, nikasoma nyuzi 110 na ushee. Hewa ya moto hivyo imetanuka: silinda inajaa, lakini ni kama gunia la pamba, limefura na uzito hakuna. Tena Kapchorwa uko juu karibu mita 1,800, ambako hewa yenyewe imeshapungua karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, kwa hiyo turbo inakandamiza kwa nguvu zaidi kufidia, na joto linapanda tena. Ukiishusha kutoka 110 hadi 55, kwa presha ile ile, uzito wa hewa inayoingia unaongezeka kama asilimia 17. Hiyo ndiyo faida yote ya intakula, hakuna uchawi mwingine.

Na joto linaloingia ndilo linalotoka. Nilifunga pia geji ya joto la ekzosi, kabla ya turbo. (Ukitoboa manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa injini, kwa ajili ya geji hiyo, ishushe kwanza. Usimkubalie fundi anayetoboa ikiwa imefungwa na kusema chenga "zitatoka zenyewe". Zitatoka, ndiyo, zikipitia mapanga ya turbo.) Kilima kile kile, mzigo ule ule, ilikuwa ikifika 730. Mwenye 1KZ anajua hedi yake ya alumini, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ilivyo nyepesi kupasuka joto likizidi. Na tangu 2018 serikali ya Uganda ilipozuia kuingiza gari iliyozidi miaka 15, hizi kongwe zetu haziji tena, ni kutunza ulicho nacho.

Mara ya kwanza nilifanya hivi. Nilikwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nikaona intakula ya lori, pana, nzito, safi, kwa shilingi laki tatu na nusu. Nikajiambia kubwa ndiyo bora. Gereji moja ikanifungia mbele ya rejeta, ikaziba kondensa ya AC na rejeta karibu yote. Kwenye tambarare kuelekea Mbale gari ilikuwa tamu kabisa. Nilipoanza kupanda, mshale wa joto kwenye dashibodi ukabaki katikati kama kawaida, na mimi nikaendelea kutabasamu. Jambo ambalo sikulijua: mshale wa Toyota hizi umetengenezwa kukaa katikati kwa nafasi kubwa sana, ukija kusogea maji yameshachemka. Bahati yangu nilikuwa nimefunga kipimo kingine cha namba kwenye mpira wa juu wa rejeta, wa bei rahisi. Kilisoma 96, kikasoma 101, nikazima AC, kikasoma 104. Nikaegesha. Nikawa nimeipoza hewa na kuichemsha injini.

Siku hiyo hiyo, baada ya kusubiri ipoe na kuendelea polepole, ikanipata ya pili. Kwenye kona kabla ya Sipi nikasikia paa!, kama tairi la boda, moshi mweusi ukafunika barabara nzima nyuma yangu, na gari ikawa haivuti hata gia ya pili. Mpira wa kutoka kwenye turbo umepasuka. Wale wa gereji walikuwa wametumia mpira wa rejeta. Nilipoutoa, ndani ulikuwa umelainika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, unabonyea kwa kidole. Mpira wa rejeta umetengenezwa kwa maji, na bomba la turbo lina mvuke wa oili kila siku, pamoja na joto. Nilipanda boda hadi Kapchorwa kutafuta kipande cha kufungia, nikarudi, nikafunga na waya, nikashuka na simenti yangu Mbale bila kuipeleka. Mwenye nyumba alinipigia simu mara tano. Intakula, nayo kweli ilikula.

Mara ya pili nilifanya tofauti. Lile dude la lori niliuza, nikatafuta dogo kutoka kwenye gari ya saizi yangu, nikaliweka chini nyuma ya bampa, likiziba kama theluthi ya rejeta tu, tena sehemu ya chini. Kabla ya hapo rejeta ilitolewa ikasafishwa ndani, na klachi ya feni ikabadilishwa kwa sababu ilikuwa inateleza. Kama pesa zako zinatosha kimoja tu kati ya rejeta na intakula, fanya rejeta. Hilo silijadili na mtu.

Wapo wanaopenda kuiweka juu ya injini na kutoboa boneti, kama Toyota walivyofanya. Mabomba yanakuwa mafupi na rejeta inabaki wazi, ni kweli. Ila kwenye foleni ya Kampala inakaa juu ya injini ikipikwa, na lazima ukate boneti vizuri na kufunga mpira wa kuzunguka ili upepo upite ndani ya mapezi badala ya kukimbilia pembeni. Nimeona nyingi zenye tundu la urembo tu, chini hakuna njia ya upepo.

Mabomba tumia ya chuma au alumini, kipenyo cha inchi 2 kinatosha kwa lita 3, na kwenye maungio tumia mpira wa silikoni wa turbo wenye bitana ya ndani ya kuzuia oili. Ncha za bomba mwambie welda aziinulie ukingo, la sivyo mpira utachomoka hata ukikaza klipu mpaka zilie. Acha nafasi ya injini kutikisika. Bomba langu moja lilikuwa likigusa chesisi na ndani ya wiki mbili likajitoboa.

Intakula iliyotumika ioshe kwanza. Yangu ilipoinamishwa ilitoa kikombe kizima cha oili nyeusi ya mmiliki wa zamani, na kama turbo yake ilikufa, vipande vinaweza kuwa ndani vikikusubiri. Dizeli au mafuta ya taa, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi, kisha anika hadi ikauke kabisa, maana mafuta yanayobaki ndani injini itayavuta kama chakula na kupanda yenyewe mzunguko. Halafu pima uvujaji ikiwa mezani: ziba ncha zote mbili, moja iwe na valvu ya tairi, jaza presha taratibu isizidi 1 bar, paka povu la sabuni. Simama pembeni, usikae mbele ya kizibo.

Matokeo, kilima kile kile, mifuko 8: hewa inayoingia 55 hadi 60, ekzosi 660, maji hayajawahi kupita 95. Presha nilipima kabla na baada ya intakula, imepotea 0.1 bar, nimeridhika. Turbo inachelewa kidogo kuamka kwa sababu ya urefu wa mabomba, utaizoea. Gia ya tatu sasa inapanda sehemu ambazo nilikuwa narudi ya pili. Moshi upo bado ukikanyaga ghafla, lakini wa kijivu.

Kwa wenye Pajero za zamani za 4D56 au Land Cruiser 80 ya 1HD-T, pampu yenu ni ya kimakanika, na fundi atataka kukaza skrubu ya kuongeza dizeli siku hiyo hiyo ili mwone "tofauti". Mkatalie. Endesha mwezi mzima ukisoma geji ya ekzosi kwanza. Ukiongeza dizeli hovyo unarudisha joto lote uliloliondoa, na zaidi. Pampu ya 1KZ-TE inaamriwa na kompyuta, kwa hiyo wewe hilo halikuhusu.

Kila nikiosha gari natumia maji ya mpira, bila presha kali, kutoka nyuma kwenda mbele, kutoa vumbi na wadudu kwenye mapezi. Mashine ya kuoshea magari ilishayalaza mapezi ya jirani yangu mpaka upepo haupiti tena.

Wewe kwanza nijibu mawili: chujio lako lina umri gani, na asubuhi kabla hujawasha, ukifungua kifuniko cha rejeta, maji yamejaa au yameshuka? Kama yanashuka kila siku na huoni yanapovuja, usinunue intakula. Peleka hedi ikapimwe.