CRP ya mama imeshuka, mbona bado anahema?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, kapika kwa kuni tangu usichana wake, sigara hajawahi kugusa, sasa kaambiwa ana COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. Juzi kapimwa damu tukaambiwa CRP imeshuka, iko vizuri, lakini akibeba ndoo nusu tu lazima akae chini avute pumzi, na kanisani siku hizi haendi. Vipimo vinadanganya?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Havidanganyi, ila vinajibu swali jingine. CRP inaonyesha kama mwili unapambana na kitu, mfano maambukizi, na mapafu yaliyoharibika miaka mingi kwa moshi yanaweza kumtesa mtu huku CRP iko chini kabisa. Damu ina kazi yake, kuna chembe nyeupe zinaitwa eosinofili, zikifika 300 kwa maikrolita daktari ana sababu nzuri ya kufikiria kuongeza steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, zikiwa chini ya 100 mara nyingi haisaidii.

Ila mateso yake muulizeni yeye! Kuna dodoso la CAT, maswali 8, alama 0 mpaka 40, linauliza kikohozi, makohozi, kupanda kilima, usingizi, hata kama anajiamini kutoka nyumbani, na hapo ndipo habari ya kanisa inapoingia. Kuanzia 10 ugonjwa unamsumbua kweli. Ombeni alijaze kliniki, waangalie pia anavyovuta inhela, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, kama anayo, maana wengi wanaikosea, na kuanzia leo jikoni kwenye moshi aingie mwingine, ikiwezekana tafuteni gesi.