Tarehe 12 Novemba iliniumbua, halafu ikanisafisha

Juzi kuna dada wa Newala kanitumia meseji, "kaka na mimi nataka kuandika leo katika historia kama wewe, naanzaje?" Nikacheka. Angeniuliza miaka miwili nyuma ningemwambia mdogo wangu achana nayo, kaokote korosho.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, na asubuhi kabla wateja wa fotokopi hawajaja huwa naandika status, leo kazaliwa nani na kulitokea nini. Watu wakaipenda mpaka kipindi kimoja cha redio wakanipa dakika tano za majaribio, basi nikajiona nimefika. Sasa katika kuperuzi nikakuta Mzee Mkapa kazaliwa 11/12/1938, nikadaka hiyohiyo, tarehe 11 Desemba nikaisoma hewani kwa mbwembwe zote. Kumbe ule ukurasa ni wa Kimarekani, wenzetu wanatanguliza mwezi ndo inafuata siku! Mzee kazaliwa 12 Novemba 1938, Lupaso, Masasi. Ukosee ya rais wa Ufaransa sawa, ila ya Mkapa, na umekaa Mtwara? Simu zilimiminika. Mzee mmoja akaniambia taratibu kabisa, "mjukuu wangu, hata daraja la Rufiji tunalopita kwenda Dar lina jina lake, umeshindwa kumuuliza mtu wa Masasi?" Huo upole ndo uliniuma kuliko matusi. Wale wa redio hawakunipigia tena na meseji zangu hawajajibu mpaka leo. Haya.

Kwa hiyo mdogo wangu, tarehe ya namba tupu usiiamini mpaka uone mwezi umeandikwa kwa herufi. Halafu hakikisha na chanzo cha pili. Narudia, chanzo cha pili.

Mwaka huu 12 Novemba ikafika, nikasema leo nalipa deni. Zamani ningemwaga majina ishirini, Rodin yule mchongaji wa Ufaransa 1840, Sun Yat-sen wa China 1866, nani anasoma hayo huku anasubiri hela ya mnada wa korosho? Nikachagua matatu tu. La kwanza Mkapa, hilo halina mjadala. La pili Nadia Comăneci, mcheza jimnastiki wa Romania, kazaliwa 1961, ndo yule binti wa miaka 14 aliyepata kumi kamili kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, na ubao wa matokeo haukuwa na uwezo wa kuonyesha 10.00 ukaandika 1.00. Watu waliifia hiyo.

La tatu ndo lililonibeba. 12 Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kilipiga Pakistan ya Mashariki usiku, maji ya bahari yakapanda yakameza vijiji, waliokufa wanakadiriwa kuanzia laki tatu. Serikali ikachelewa kupeleka misaada, hasira za watu zikachangia nchi kugawanyika, 1971 ikazaliwa Bangladesh. Hapo nikaweka mstari mmoja tu, mnakumbuka Aprili 2019 tulivyofunga maduka tukaambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, kikaishia kwa majirani zetu Msumbiji? Ikawaka! Status ilizunguka mpaka mjomba wangu wa Nanyumbu akanitumia mwenyewe, "mjomba soma hii, kuna kijana ana akili sana." Jina langu wameshalifuta, maneno yangu yote yapo. Nilifurahi nusu, nusu nikanuna.

Ila acha niseme ukweli, vijana tunapenda kukopi. Unabandika kitu hukijui, hujiulizi kinamhusu nini mama anayeuza samaki Feri, halafu unalalamika hawasomi. Watasomaje? Anza na kitu wanachokijua wao, ndo uwapeleke Romania.

Jioni nikamsomea bibi ile ya Bhola. Akaniambia yeye mama yake alikuwa na mimba yake mwaka ule wa kimbunga cha Lindi, ndo 1952 hiyo. Tarehe hana, kwenye kitambulisho wamemwekea 1 Julai kama wazee wengi tu. Akauliza, "sasa mimi siku yangu nimezaliwa na nani?" Nikamwambia bibi, kitambulisho kinasema Julai mosi.

"Hiyo ya serikali," akasema. "Wewe niandike ya Mkapa."