Maswali na Majibu: Picha, Milango na Kumbukumbu za Sanaa Bagamoyo

Shikamoo. Marehemu baba alipiga picha nyingi za wachongaji na wacheza ngoma hapa Chuo cha Sanaa miaka ya themanini. Zimo kwenye albamu ya kurasa za gundi na zimeanza kunata. Nizipige laminesheni? (Msomaji, Dunda)

Marahaba. Usithubutu. Joto la mashine huharibu tabaka la gelatini lililobeba picha, na ile plastiki ikishashika haitoki tena. Kwanza piga picha kila ukurasa ulivyo, maana mpangilio wa albamu na maandishi ya pembeni nayo ni kumbukumbu. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, usio na nta wala ladha, uupitishe chini ya picha ukienda na kurudi taratibu. Ikigoma, usiivute, kata ukurasa kuizunguka, ibaki na kipande chake. Iliyonata kwenye kioo cha fremu, iskani pamoja na kioo chake.

Kila picha iingie bahasha yake ya karatasi, kisha boksi, na boksi likae juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta unaopigwa na mvua. Hewa ya pwani ndiyo tatizo letu kubwa: unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza. Ukiweka silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) ndani ya boksi la plastiki linalofunga vizuri, angalia rangi. Aina ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba maji. Irudishe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, na hukuliuliza. Kaa na wazee waliokuwepo, uandike majina. Picha za rangi za miaka hiyo zina mgongo wa plastiki, penseli inateleza na wino wa kalamu hupaka picha ya jirani, kwa hiyo andika kwenye bahasha kwa penseli ya 2B kabla ya kutia picha ndani. Nani, anafanya nini, wapi, lini, na nani kakueleza. “Wacheza ngoma, Bagamoyo” si maelezo. Mchongaji ana jina, ana mwalimu wake, na gogo analochonga ni la mti fulani. Tarehe ikikosekana, tafuta dalili: chuo kilianza 1981, na ukumbi wa zamani uliungua 2002, basi picha inayouonyesha mzima ni ya kabla ya hapo.

Nimepiga picha zetu zote kwa simu nikazituma kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Hiyo si hifadhi tosha? (Msomaji, Magomeni)

Si hifadhi. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi na linaendelea kuja. WhatsApp hubana picha na kutupa sehemu kubwa ya undani wake. Tumia skana: dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa picha ya ukubwa wa postikadi, faili la TIFF lisilopoteza undani, na uzime kila kitufe cha “kurembesha”. Weka nakala tatu, moja ikae nje ya Bagamoyo. Flashi ni ya kubebea tu. Na nakala za asili msizitupe!

Mtu kaniahidi pesa nzuri kwa mlango wa nakshi wa nyumba ya babu. Niuze? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Usipokee hata shilingi kabla ya kufika ofisi ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940, na kuupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Wanunuzi wanaijua sheria hiyo kuliko wewe.

Uuze usiuze, uwekee kumbukumbu wiki hii. Pima urefu, upana na unene. Piga picha mlango mzima, halafu miimo, mfaa (mbao ya katikati) na kizingiti cha juu kimoja kimoja, rula ikionekana. Subiri jua la pembeni, asubuhi au alasiri kutegemea nyumba inatazama wapi. La mchana huja kutoka juu na nakshi zinalala. Geuka upige na upande wa ndani, na tumbuu zake (pete za chuma za kufungia). Kama juu pana mwaka wa Hijria, usijumlishe 622 ukadhani umemaliza, maana mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo, ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa Miladia. Mwaka 1310 ni 1892 hadi 1893. Kwa kujumlisha tu ungepata 1932, umekosea kwa miaka 40. Na hiyo oili chafu mnayopaka ili ung'ae hujaza mifereji ya nakshi na kunasa mchanga. Acheni.

Nina mchoro wa chui wenye saini ya Tingatinga. Ni wake mwenyewe? (Msomaji, Kiromo)

Kwa saini peke yake, haiwezekani kusema. Edward Saidi Tingatinga alichora kuanzia 1968 hivi hadi alipofariki 1972, muda mfupi mno. Waliomwiga ni wengi. Tafuta ulinunuliwa wapi, lini, na risiti.

Naftalini (vidonge vya kufukuzia wadudu kabatini) inafaa kwenye boksi la picha?

Hapana, mvuke wake hudhuru plastiki na mapafu yenu.

Negativu za zamani zinanuka siki. (Msomaji, Kaole)

Filamu ya asetati (aina ya plastiki ya negativu za zamani) inaoza, na mvuke huo huozesha zilizo jirani. Zitenge leo, mbali na nzima. Usizifungie ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi inapitisha hewa. Ziskani kwanza kabla ya zile nzima, dpi 2400 au zaidi kwa milimita 35, kwani zikishajikunja hazilali tena kwenye skana.

Mtafiti anaomba albamu yetu “kwa wiki mbili”. Tumpe?

Askani hapo hapo nyumbani kwenu. Akisisitiza kuibeba, pawe na karatasi yenye idadi ya picha, tarehe ya kurudisha na saini mbili, na ninyi mbaki na nakala. Hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mpiga picha, na warithi ndio wenye neno. Asiyetaka kuandikishana, mkatalieni.