Ndago: trekta ndilo lililonisambazia

Mkuu, umeuliza utamalizaje gugu la ndago kwenye robo heka ya mahindi na mchicha bila kupiga dawa. Mimi zimenitesa misimu mitatu huku Dumila, Morogoro, kwa hiyo nakwambia yaliyonikuta.

Kwanza chimbua shina moja taratibu, usilivute. Chini utakuta kitunguu kidogo, kinatoa kamzizi kembamba kama uzi, mbele kitunguu kingine cheusi, halafu kingine, kama shanga. Mimi bila kujua hilo nilikodi trekta mvua zimeshaanza. Plau ikakata nyuzi, kila shanga ikaota kivyake. Kabla ya hapo nilikuwa na ndago kona moja tu! Kupalilia juu juu nako ni kuzinyoa. Siku nne tano zimesimama tena, na kibarua hujamlipa.

Kilichonisaidia ni kiangazi. Mwezi wa 7, mahindi yameshatoka, tulilima kwa jembe la mkono, tukageuza mabonge na kuyaacha yapigwe jua. Baada ya wiki mbili tukageuza tena. Okota vitunguu kadhaa uvipasue: kikiwa kikavu ndani, kimekufa, kikiwa cheupe chenye maji, bado kizima, jua liendelee. Udongo ukiwa na unyevu usijaribu, utakuwa unazipandikiza.

Vya chini sana jua halivifikii. Hapo ndipo nikaleta kivuli, maana ndago jua kwake ndiyo chakula. Msimu uliofuata sikupanda mahindi, nilijaza viazi vitamu. Tulipalilia mara mbili mwanzoni, kisha matembele yakafunga ardhi yenyewe. Zilizochomoza zilikuwa za njano, nyembamba, hazina nguvu. Mchicha usahau kwa mwaka wa kwanza, hauna kivuli cha maana. Fiwi, yale maharage ya kutambaa, nazo zinafunika vizuri, ila zinachelewa kidogo kutambaa.

Matandazo ya mabua yananizuilia magugu mengine, ndago hapana. Ncha yake ni sindano, hata nailoni nyeusi imenitobolea. Na huyo aliyekushauri umwage chumvi, usithubutu, utaua udongo ndago ukiziacha.

Ah, na majembe ya vibarua yakung'utwe udongo kabla hayajaingia shambani kwako.

Sasa hivi zimebaki upande wa mpakani, kwenye mtaro. Nikipita nachimbua mbili tatu. Jirani yangu bado anasubiri mvua ndiyo aite trekta.