Malakiti: jina la jani, si la malkia

Yaya, umeuliza kama malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, lilipata jina lake kutoka "malkia". Hapana, havihusiani. Neno "malkia" lina asili ya Kiarabu, lakini jina la jiwe ni la Kigiriki. Wagiriki walikuwa na mmea unaoitwa malakhe, wenye majani ya kijani, na jiwe likaitwa kwa rangi ya majani hayo. Plini, Mrumi wa karne ya 1, aliandika hivyo hivyo: jiwe limepata jina kutokana na rangi ya mmea huo. Baadaye likapita kwenye Kilatini na Kifaransa, ndiyo maana sisi huku Lubumbashi, Kongo, tunasema malakiti. Mmea wenyewe ni wa ukoo mmoja na bamia na ngai-ngai, ile mboga ya majani machachu.

Wapo wanaolitoa kwenye malakos, yaani "laini". Jiwe ni laini kweli, ugumu wake ni 3.5 hadi 4 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, lakini mimi nafuata maelezo ya rangi kwa sababu yana ushahidi wa maandishi ya zamani. Ukikata donge la kutoka Kolwezi na kulisugua kwa maji, unaona pete za kijani kilichoiva zikifuatana na za kijani cha jani changa. Rangi hiyo inatokana na shaba, na mababu wa Katanga waliyeyusha mawe hayo hayo wakatoa ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha.

Kama unachonga, lowesha jiwe kila mara na ufunge pua. Vumbi lake ni sumu.