Mimi na Jane Eyre hatujui katikati

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: ni shujaa gani wa kike wa hadithini unayempenda kuliko wote, na unafanana naye wapi? Sehemu ya kwanza haikunipa shida: Jane Eyre. Sehemu ya pili ndiyo iliyonikalisha siku tatu.

Kwa asiyemfahamu, Jane ni yatima anayesimulia maisha yake katika riwaya ya Charlotte Brontë iliyotoka Uingereza mwaka 1847, mwandishi akijificha nyuma ya jina la Currer Bell. Ni mfupi, hana uzuri wa sura, hana fedha, na kazi yake ni kufundisha watoto wa watu. Nilimsoma mara ya kwanza nikiwa na miaka 14, nikajiona ni yeye mtupu, kwa sababu tu nami nilikuwa mfupi na nilidhani sina sura. Wasichana wafupi wapenda vitabu tuliojiita Jane tuko wengi, kwa hiyo hilo nalifuta.

Ujasiri wake je? Hapana. Akiwa na miaka 10, mzee mmoja mrefu, mavazi meusi juu mpaka chini, anamuuliza afanye nini ili asiende motoni. Jane anafikiri kidogo, kisha anajibu kwamba lazima atunze afya yake asife. Kila nikifika hapo nacheka, halafu naona aibu, maana mimi ningejibu kile mzee alichotaka kusikia, tena kwa sauti ya upole.

Kwenye fedha ndiyo kabisa hatufanani. Jane anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba yake mdogo, anagundua ana binamu watatu ambao hawakuachiwa kitu cha maana, na anashikilia kwamba mali igawanywe sehemu nne sawa, kila mtu pauni 5,000. Mshahara wake wa mwaka mzima kwa Rochester, tajiri aliyemwajiri afundishe mtoto nyumbani kwake, ulikuwa pauni 30! Nimejaribu kujipima hapo kwa haki. Ningewapa binamu kitu, tena kizuri, lakini robo tatu singetoa. Sema yeye alikuwa amekaa maisha yake yote bila ndugu wa kumwita ndugu, na furaha ya kuwapata ilimzidi furaha ya mali. Mimi ndugu ninao wa kutosha.

(Rochester mwenyewe nitampita. Mwanaume anayemfungia mke wake ghorofani na kutangaza harusi nyingine, na Jane, hahitaji nafasi katika barua hii. Ninachompendea Jane hapo ni kwamba, hata akiwa ameumizwa vile, anamkemea Rochester kwa kumchukia yule mke: hakujichagulia wazimu.)

Tunapofanana ni mahali ambapo watu hawapataji sana. Kuna binamu yake, St John, mchungaji, baridi kama jiwe. Anamwambia Jane aache Kijerumani ajifunze Kihindustani. Jane anaacha Kijerumani. Anataka amwoe bila kumpenda ili waende India kuhubiri, na Jane, huyu huyu aliyemjibu yule mzee akiwa mtoto, nusura akubali. Kabla ya hapo anakiri jambo ambalo nimelipigia mstari mara mbili: kwamba mbele ya watu wagumu hajawahi kujua njia ya katikati. Hutii kabisa, kwa uaminifu, mpaka dakika ile ile ya kulipuka.

Huyo ni mimi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kimya changu kiliwahi kudumu miaka minne. Mkuu wangu wa kazi alikuwa ananipa ripoti zake niandike, anaweka jina lake, nami nasema "sawa." Jioni ananiongezea nyingine. Sawa. Wenzangu walidhani nampenda. Siku moja, kikaoni, akasifiwa kwa ripoti moja, akaanza kueleza jinsi alivyokesha akiiandika. Nilisimama. Nilisema habari za ripoti zote, moja baada ya nyingine, kwa tarehe, kisha nikaingia hata kwenye mambo yasiyohusu, pamoja na kikombe chake ambacho alikuwa anakiacha mezani kwangu nikioshe. Katikati ya "sawa" na kikombe kulikuwa na maneno mengi ya kawaida ambayo mtu mwingine angeyasema mwezi wa kwanza tu, mlango ukiwa umefungwa.

Jane anaposimulia siku aliyomfokea mke wa mjomba wake, anasema kisasi kilikuwa kama divai: kitamu wakati wa kumeza, halafu kikabaki na ladha ya chuma mdomoni kama sumu. Ladha hiyo naijua. Ilinifika kabla sijamaliza kuandika barua ya kuacha kazi.

Na barua ile niliiandika kwa ustadi, kila nukta mahali pake. Hapo pia tuko sawa. Usiku anapotoroka nyumbani kwa Rochester, Jane anatafuta mafuta na unyoya, anapaka ufunguo na kitasa ili mlango usilie. Mpango wa mtu makini! Kisha anapanda gari la farasi, analipa shilingi zote 20 alizo nazo, anashuka njia panda asikokujua, na gari likishatokomea ndipo anakumbuka kifurushi chake kimebaki ndani, alipokiweka ili kiwe salama. Analala nje na njaa, na baadaye anaomba uji wa baridi uliokuwa unamwagiwa nguruwe. Hajafikisha hata miaka 20. Mimi nilikuwa na 34.

Nilitoka ofisini siku ile kichwa juu, sikumuaga mtu. Nilipofika nyumbani nikakumbuka bahasha yenye vyeti vyangu vyote, iko kwenye droo ya chini, niliyoifunga mwenyewe kwa ufunguo. Asubuhi nikarudi. Mlinzi wa getini akauliza kama nimebadili mawazo. Nikamwambia nimefuata bahasha tu. Wakati wa kutoka nayo nilimkumbuka Jane pale njia panda, gari linazidi kuwa dogo, na badala ya kumhurumia kama siku zote, nikacheka mpaka mlinzi akanipa kiti.