Konstrakta Hairithiwi: Ushauri kwa Wanaoanza Java

Neno "urithi" liliwapotosha wengi wetu tulipoanza kujifunza lugha ya programu ya Java. Mwanafunzi akiambiwa kwamba klasi ndogo (klasi ni kiolezo cha kuundia objekti) hurithi kutoka klasi kuu, hudhani kuwa inapata kila kitu, pamoja na konstrakta, yaani msimbo unaoandaa objekti mpya inapoundwa. Sivyo. Konstrakta hairithiwi, klasi ndogo huwa na yake, na wajibu wa konstrakta hiyo ni kuhakikisha kwamba ile ya klasi kuu imeitwa, ili sehemu ya objekti iliyofafanuliwa huko juu iandaliwe.

Chukua mfumo wa SACCOS. Klasi Mkopo ina konstrakta moja inayopokea namba ya mwanachama na kiasi anachokopa, na MkopoWaDharura ni klasi ndogo yake. Ukiandika konstrakta ya MkopoWaDharura bila kutaja super, yaani mwito wa konstrakta ya klasi kuu, kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) huiweka yenyewe, tena ikiwa na mabano matupu. Kwa kuwa Mkopo haina konstrakta isiyo na vigezo (thamani inazopokea), kompaila hukataa, na ujumbe wake huelekeza kwenye mstari ambao machoni pako hauna dosari. Mgeni huchanganyikiwa zaidi pale msimbo huohuo ulipokubaliwa jana. Sababu ni kwamba Java huipa klasi konstrakta tupu pale tu ambapo hukuandika yoyote. Siku unapoongeza ya kwanza yenye vigezo, ile tupu hutoweka na klasi ndogo zilizoitegemea hukwama. Usijaribu kunyamazisha kosa hilo kwa kuiandikia klasi kuu konstrakta tupu, maana utakuwa umeruhusu mkopo usio na mwenyewe. Andika super(namba, kiasi).

Makosa ya namna hiyo yana nafuu, kwa sababu kompaila huyakamata. Lililonila siku tatu lilipita kompaila bila tatizo. Ndani ya konstrakta ya Mkopo niliita methodi (kipande cha msimbo chenye jina) kokotoaRiba() na kuhifadhi jibu lake. MkopoWaDharura ilikuwa na kokotoaRiba() yake, iliyotumia kiwango kilichopokewa na konstrakta yake yenyewe. Kila mkopo wa dharura ulitoka na riba ya sifuri. Nilikagua hesabu, nikakagua hifadhidata, nikamshuku hata mwenzangu aliyeandika fomu, ilhali tatizo lilikuwa ni mpangilio wa matukio, ambao hakuna aliyewahi kunieleza.

Java inapounda objekti, kwanza hutenga nafasi yake yote na kujaza sifuri, null au false kila mahali. Kisha konstrakta ya klasi kuu hufanya kazi hadi mwisho. Baada ya hapo ndipo vigeuzi vya klasi ndogo hupewa thamani za mwanzo ulizoandika penye tamko lake, na mwishowe mwili wa konstrakta ya klasi ndogo hutekelezwa. Hata hivyo, methodi iliyoandikwa upya huitwa ile ya klasi ndogo tangu mwanzo, hata klasi hiyo ikiwa bado haijafikiwa na zamu yake. Kwa hiyo kokotoaRiba() yangu ilisoma kiwango ambacho hakikuwa kimewekwa bado. Dawa niliyotumia ni kuondoa hesabu hiyo katika konstrakta na kuifanya pale riba inapoulizwa. Tangu hapo siiti ndani ya konstrakta methodi ambayo klasi ndogo inaweza kuiandika upya. Nikilazimika kuita, huifanya private au final, ili klasi ndogo isiweze kuiandika upya.

Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imelegeza kanuni ya zamani iliyotaka super iwe sentensi ya kwanza: sasa unaweza kukagua vigezo, na hata kuweka thamani katika vigeuzi vya klasi yako, kabla ya kuiita. Miradi mingi utakayoikuta kazini ingali kwenye matoleo ya nyuma, kwa hiyo usiitegemee ruhusa hiyo kabla ya kuuliza.

Ukihamia lugha nyingine, usibebe mazoea haya bila kuyapima. Katika C++, mwito kama ule wangu ungeishia kwenye methodi ya Mkopo yenyewe, kwa kuwa wakati konstrakta yake inatekelezwa objekti huhesabiwa kuwa Mkopo tu. Python nayo haikuitii chochote: ukiandika __init__ (methodi yake inayofanya kazi ya konstrakta) katika klasi ndogo ukasahau super().__init__(), ile ya klasi kuu haitekelezwi kabisa, na utaligundua hilo mbali na chanzo chake, pale programu itakapotafuta namba ya mwanachama na kuikosa.